Mgonjwa asiyesema: bao halali au la kuotea?

BintiChumbageni

Wadau wa vitabu, habari za saa hizi. Natanguliza tahadhari: humu natoboa siri yote ya The Silent Patient, riwaya ya Alex Michaelides iliyotoka 2019. Ambaye hajaisoma na ana nia ya kuisoma ageuzie hapa hapa, asije akanilaani baadaye.

Mimi nina duka la steshenari Tanga. Fotokopi, picha za pasipoti, kuchapa barua za kuomba kazi, kuweka kava madaftari ya wanafunzi. Kuanzia saa nane mchana jua likishakaza wateja hupungua, na huo ndio muda wangu wa kusoma. Kitabu hiki nilikinunua kwa wale kaka wanaopanga vitabu vya mtumba kandokando ya barabara pale Posta, Dar. Jalada limekunjika, na mtu aliyekimiliki kabla yangu alikuwa na tabia ya kuweka alama ya kuuliza pembeni kwa penseli. Alama zake zinakoma kama theluthi mbili ya kitabu. Sijui alikata tamaa au alishaelewa.

Kwa mliosahau kisa: Alicia Berenson ni mchoraji wa London, ameolewa na Gabriel, mpiga picha za mitindo. Usiku mmoja wa kiangazi anampiga mumewe risasi tano, na kuanzia hapo hafungui kinywa. Polisi wakimhoji kimya, mahakamani kimya, hospitali kimya. Jibu lake pekee ni picha anayojichora mwenyewe kabla ya kesi, na chini yake anaandika jina moja la Kigiriki, Alcestis. Anawekwa Grove, hospitali ya wagonjwa wa akili waliotenda makosa ya jinai. Miaka inapita, ndipo anapoajiriwa hapo Theo Faber, mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, ambaye ndiye msimulizi wetu. Theo ana hamu moja tu, Alicia aseme.

Sasa, masimulizi ya Theo yana njia mbili. Kuna ya kazini, anahangaika na Alicia. Na kuna ya nyumbani, anagundua kwamba mkewe Kathy, ambaye ni mwigizaji, ana mwanamume wa nje. Anasoma barua pepe zake, anaanza kumfuatilia mitaani. Katikati tunapewa vipande vya shajara ya Alicia ya kabla ya mauaji, yenye tarehe. Humo Alicia analalamika kwamba kuna mwanamume anasimama nje akiitazama nyumba yao, na kila anayemwambia anamwona amechanganyikiwa.

Halafu unaambiwa: mwanamume wa Kathy ni Gabriel.

Gabriel ambaye ameshakufa miaka! Maana yake yale mambo ya nyumbani kwa Theo uliyodhani yanatokea wiki hii, yalitokea kabla ya zile risasi. Na yule wa kusimama nje ya nyumba ni Theo mwenyewe. Usiku ule aliingia ndani amejificha uso, akawafunga mume na mke, akamwambia Gabriel achague nani afe. Gabriel akasema yeye hataki kufa. Theo hakumuua mtu. Aliondoka akamwacha Alicia na jibu lile masikioni, na bunduki ikiwa karibu.

Nilipofika hapo dukani kulikuwa na mzee anasubiri fotokopi ya hati ya kiwanja. Nikamwambia, "Baba yangu, nivumilie kidogo." Akanitazama usoni, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimepata taarifa ya msiba. Nikamwambia ndiyo, wa London. Mzee wa watu akanipa pole.

Sasa swali langu. Nimemwazima wifi yangu kitabu, amekirudisha kwa hasira. Anasema tumeibiwa, kwamba mwandishi kaficha tarehe za sura za nyumbani makusudi, ni bao la kuotea. Mimi nasema ni bao halali, na ushahidi wangu ni kwamba nimekisoma tena chote na mara ya pili kilikuwa kitamu zaidi ya ya kwanza. Nyinyi mnasemaje? Na mtu ukishajua siri, unarudia kusoma kwa ajili ya nini hasa?

Mwalimu wa Kakamega

Dada wa Chumbageni, salamu nyingi kutoka magharibi ya Kenya. Mimi hufunza fasihi shule ya upili, na wanafunzi wangu wangekimbilia kuandika "mbinu rejeshi" hapo wapate alama zao mbili. Lakini mbinu rejeshi tunayoizoea hupiga hodi. Mhusika anakaa kitini, anakumbuka, aya inabadilika, unajua umerudishwa nyuma. Michaelides amekurejesha nyuma bila kubisha mlango. Huo ndio ufundi wake wote, na ukiuondoa kinabaki kisa cha kawaida cha wivu.

Kuhusu uhalali, mjadala huu wa wifi yako una historia ndefu. Agatha Christie alitoa The Murder of Roger Ackroyd mwaka 1926, na kwa kuwa siri yake imeshaiva, siombi radhi kuitoboa. Msimulizi ni Dkt. Sheppard, daktari wa kijiji cha King's Abbot, mtu mpole anayemsaidia mpelelezi Hercule Poirot kumtafuta muuaji. Mwisho wa kitabu Poirot anamgeukia yeye. Wasomaji wengine walighadhibika kabisa. Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika riwaya za upelelezi, akatoa amri kumi za utunzi wa riwaya hizo, na ya kwanza inasema muuaji asiwe mtu ambaye msomaji amekuwa akifuata mawazo yake. Ukiisoma amri hiyo baada ya Ackroyd utadhani imetungwa kumzuia daktari huyo asirudi.

Mimi hutumia kipimo kimoja. Rudi nyuma, utafute sentensi ambayo ni uongo. Sheppard anaandika kwamba barua zililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini usiku, na kwamba alimwacha Ackroyd saa tatu kasoro dakika kumi, barua moja ikiwa bado haijasomwa. Akasita mlangoni, akajiuliza kama kuna jambo hajalifanya. Hayo yote ni kweli tupu! Dakika kumi zimepita kati ya sentensi mbili, na katika dakika hizo mtu amechomwa kisu. Mwishoni daktari mwenyewe anajisifu kwa kifungu hicho, na ana haki ya kujisifu.

Kwa kipimo hicho Theo anapita. Sijaona mahali alipotwambia, "Jana jioni, baada ya kutoka kwa Alicia, nilimfuata Kathy." Ni sisi tuliounganisha.

Lakini bao kubwa zaidi lilifungwa dakika ya kwanza na hakuna aliyeliona, nalo ni lile jina. Alcestis ni tamthilia ya Euripides, iliigizwa Athens mwaka 438 kabla ya Kristo. Mfalme Admetus amepangiwa kufa, lakini mungu Apollo amemwombea nafuu kwamba akipatikana wa kufa badala yake, ataishi. Wazazi wake wazee wanakataa. Mkewe Alcestis anakubali, naye mume anapokea zawadi hiyo. Baadaye Heracles anampokonya Kifo yule mama na kumrudisha kwa mumewe, na akirudi anasimama pale jukwaani kimya, hasemi neno.

Mume aliyekubali mkewe afe ili yeye aishi. Alicia ameliandika hilo chini ya picha tangu mwanzo wa kitabu, tena ni kauli yake pekee kwa dunia. Mwandishi alitupa jibu kabla ya swali.

KijanaWaTemeke

Mwalimu umeshusha nondo, nakubali. Ila mimi nasimama na wifi.

Niseme ukweli, huyu Theo nilimshtukia mapema. Mtu anakwambia kila mara kwamba yeye ni mwema na amekuja kusaidia. Mtaani kwetu mtu wa hivyo unashika simu yako vizuri. Kwa hiyo nilipofika kwenye lile pigo nilikuwa nishakaa mkao. Sikujua hesabu ya miaka, hiyo nakiri ilinipiga chenga, lakini mtu nilimjua.

Kinachoniudhi ni wale washukiwa wa kupangwa. Shemeji mtu Max anamtamani Alicia. Binamu Paul ana madeni ya kamari. Jean-Felix wa jumba la sanaa hataki kupoteza mchoraji wake. Daktari Christian alimtibu Alicia kisirisiri na anaficha. Kila mmoja anapewa sura yake ya kutokwa jasho, halafu anatupwa. Ukimaliza kitabu unagundua nusu ya hao hawakuwa na kazi yoyote zaidi ya kukupotezea muda.

Mkitaka kuona mambo ya kisaikolojia yamepikwa yakaiva, someni Gone Girl ya Gillian Flynn, ya 2012. (Naitoboa pia, mwenye roho nyepesi aruke aya hii.) Mke anapotea siku ya kumbukumbu ya miaka mitano ya ndoa, mume Nick anashukiwa, na sisi tunasoma shajara ya mke, Amy, tunamwonea huruma. Katikati ya kitabu, si mwishoni, Amy anatokea mzima wa afya na kukwambia shajara ile kaitunga yeye mwenyewe ili polisi waikute. Kuna nusu nzima ya kitabu imebaki, na sasa inabidi uishi na hawa watu wawili ukiwajua walivyo. Hapo mwandishi kajiamini. Flynn hategemei siri peke yake, maana kaimwaga hadharani na bado huwezi kukiweka kitabu chini.

Michaelides yeye kaificha hadi kurasa za mwisho, kisha huyoo, kaaga.

Halafu mwalimu, swali dogo. Sheppard alikuwa na sababu ya kuficha, alikuwa anaandika taarifa ambayo Poirot angeisoma. Theo anamwandikia nani? Kwa nini achanganye miaka? Hakuna mtu wa kumdanganya isipokuwa mimi niliyelipia kitabu. Ndiyo maana nasema kuotea.

Mwalimu wa Kakamega

Hapo umenishika shati, kijana. Nimekiri.

Ila shajara ulizozitaja zinastahili kuwekwa pamoja mezani. Ya Amy ina tarehe nzuri, mwandiko wa kuaminika, na ni uongo. Ya Alicia ni kweli kila mstari, na wote wanaoizunguka wanaiona ya mwendawazimu. Michaelides bila shaka alijua kwamba wasomaji walioumwa na Amy wangeitilia shaka shajara ya Alicia, wakamwamini mwanamume mwenye koti na kitambulisho cha hospitali. Alicheza na mazoea yetu.

BintiChumbageni

Kijana wa Temeke, ngoja nikujibu la "anamwandikia nani," maana nimelifikiria nikilaminisha vyeti siku nzima.

Unamchukulia Theo kama mtu aliyekaa akapanga kutuzuga. Mimi mara ya pili nilimsoma kama mtu ambaye kweli ndani yake hakuna kalenda. Ugomvi wa Kathy haujamwisha. Kwake usaliti ule ni wa leo. Anaamka nao. Ndiyo maana anausimulia sambamba na kazi ya leo, na sioni ajabu. Nina shangazi yangu, ukimgusia mambo ya talaka yake anayaeleza kana kwamba mume katoka mlangoni asubuhi hii, na hao watoto wao sasa wana watoto. Ukimsikiliza bila kumjua utakosea miaka vizuri tu. Na hadanganyi mtu.

Kwa hiyo la tarehe mimi naliona ni ugonjwa wa Theo, mwandishi kautumia. Ni kitabu cha kisaikolojia jamani, saikolojia ikae wapi basi?

Na ukishajua hivyo, kurudia kusoma kunakuwa kitu kingine kabisa. Mara ya kwanza, kile kikao cha kwanza anapobaki na Alicia, halafu Alicia anamrukia na kumkaba koo, nilisoma nikasema, kweli huyu mama ni hatari, afadhali wamfungie. Mara ya pili nilisimamisha shughuli. Mwanamke kanyamaza miaka, anawekewa mbele yake mwanamume mwenye sauti ile, macho yale, anakuja na tabasamu kumwambia nataka kukusaidia. Ungefanya nini? Mstari ni uleule, haujabadilika hata nukta, na mimi nimehama upande.

Ile furaha ya kushtuka ilikuwa ya dakika chache. Hii ya kuhama upande ndiyo iliyonifanya nimkalishe wifi nimweleze mpaka chai ikapoa.

Kuhusu Max na Paul na wenzao nakubaliana nawe. Paul hasa. Yule angeachwa tu na kamari zake, kisa kisingepungua kitu, isipokuwa ile sehemu ya baba yake Alicia. Alipokuwa mdogo mama yake akafa kwenye ajali ya gari, naye yumo garini, na baba akasema afadhali angekufa Alicia badala ya mkewe. Hiyo ni ya maana sana. Mtoto aliyehukumiwa kufa na baba kwa mdomo, anakuja kuhukumiwa tena na mume. Mara ya pili hakuvumilia.

NesiMstaafu_Dodoma

Wanangu, shikamooni mnaonizidi, wengine marahaba. Nimefanya kazi wodi za afya ya akili miaka mingi, na binti yangu alinipa kitabu hiki akidhani nitakipenda kwa sababu ya kazi. Nilikipenda kwa kuudhika nacho.

Kwanza nieleze kidogo kwa wasiojua. Hospitali za namna ya Grove si mambo ya Uingereza tu. Hapa Dodoma tuna Isanga, iliyo chini ya Mirembe, ambako mahakama hupeleka watu walioshtakiwa pale inapotaka kujua hali zao za akili, na wale ambao imeonekana walitenda kosa wakiwa hawana akili timamu. Kwa hiyo habari ya mlango unaofunguliwa kwa funguo na kufungwa nyuma yako kabla ule wa mbele haujafunguliwa, habari ya kuhesabu vijiko baada ya chakula, hizo nazijua. Mwandishi huyu aliwahi kufanya kazi ya muda katika kituo cha vijana wenye matatizo ya akili, na inaonekana. Harufu ya mahali ameipata.

Alivyomchora Alicia siku ya kwanza ni sawasawa. Theo anakuta mgonjwa amejazwa dawa hadi macho hayana mtu. Wenzangu wa zamani tuliotumia sana Largactil, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, tunaijua sura ile, mwili mzito, mate yanatiririka kidevuni, hatua fupi za kuburuta. Theo anamwomba bosi wake, Profesa Diomedes, dozi ipunguzwe, na hapo alikuwa sahihi. Huwezi kuongea na mtu aliyelazwa na dawa.

Lakini kuanzia hapo nikaanza kumtilia shaka, wala si kwa sababu ya wema wake kama anavyosema kijana wa Temeke. Nilimshuku kwa kazi yake. Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo anakaa na mgonjwa chumbani, anasikiliza kinacholetwa. Huyu anatoka kwenda nyumbani kwa marehemu. Anamtembelea shemeji, anamtembelea binamu na shangazi, anakunywa na jirani. Anamhoji mwenye jumba la sanaa. Bosi wake anamkanya, yeye anaendelea. Nikamwambia binti yangu, "Huyu hatibu, huyu anatafuta kujua watu wamebakiwa na nini." Binti akacheka akanyamaza, maana yeye alishamaliza.

Na ile hamu ya kutaka kazi hospitali ile, kwa mgonjwa yule. Katika kazi yetu mtu ukiwa na undugu, urafiki au ugomvi na mgonjwa, unasema mapema na unampisha mwingine. Ni jambo la kwanza kufundishwa. Michaelides analijua hilo, ndiyo maana Theo anaeleza sana kwa nini ameomba kazi. Mtu asiye na neno haelezi sana.

La kunyamaza nalo niseme. Nimewahi kuuguza watu walionyamaza. Wapo ambao ugonjwa umewanyamazisha, mwili umekakamaa, hata ukimwinua mkono unabaki pale ulipouacha. Wapo ambao msiba umewanyamazisha. Na wapo walionyamaza kwa sababu waliposema hawakuaminiwa. Alicia alisema. Alimwambia mume kuna mtu nje, akamwambia jirani, akamwambia daktari. Mume akamletea daktari ampe vidonge. Sasa mtu huyo akiamua kwamba maneno yake hayana kazi, nani wa kumwita mgonjwa?

Kwa hiyo binti wa Chumbageni, mimi nakupa bao lako. Ila mwisho, pale Theo anapomchoma Alicia sindano ya mofini ili asiseme tena, nilikitupa kitabu kitandani. Dawa za namna ile hazichukuliwi hovyo, zina kabati lake, zina rejista, zina sahihi mbili.

KijanaWaTemeke

Mama shikamoo. "Mtu asiye na neno haelezi sana." Hiyo naichukua.

Nalegeza kidogo. La shangazi wa Binti nimelielewa, Theo hana kalenda. Ila bado nasema mwandishi angeacha mlango wazi kidogo, hata kitu kimoja cha kutuonyesha ni mwaka gani, ili mjanja aweze kushika. Mwalimu, kwenye Ackroyd zile dakika kumi zipo kwenye karatasi, ukiwa na akili unazihesabu. Huku miaka haihesabiki.

MieMkunazini

Nimewapitia kimya kimya tangu mwanzo, sasa nami nitie ulimi. Hivi kwetu mnaona hakuna vya namna hii? Sie tumekulia na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni, na Najum pembeni akishangaa kwa niaba yetu. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 kabla ya kuchapwa 1960. Hayo si ya kisaikolojia, nakubali, ni ya upelelezi, Bwana Msa anakuja mwisho anafungua fumbo moja moja, ukoo wa nani na mtoto wa nani. Lakini ile ya kufika mwisho ukarudi mwanzo kutafuta ulipopitwa, wallahi nimeipata kwake kabla sijamjua Mzungu yeyote.

Na mkitaka kuingia ndani ya kichwa cha mtu kisichotulia, Kichwamaji ya Kezilahabi, 1974. Kazimoto anajisimulia mwenyewe, msomi wa chuo kikuu, na kadiri anavyojieleza ndivyo unavyozidi kuogopa anakokwenda. Hakuna bunduki ya fumbo wala mtu wa kusimama nje ya nyumba. Hatari imo ndani ya msimulizi. Mimi naona Kezilahabi kawatangulia wengi hapo, ila hakuwa na haja ya kukufumba macho kwanza.

Wifi mtu aanzie hicho, labda hasira zitampungua.

BintiChumbageni

Mie Mkunazini, Kichwamaji nilisomeshwa nikiwa sina umri wa kuielewa, nadhani wakati umefika. Bwana Msa ninaye nyumbani, vitabu viwili, kimoja hakina jalada.

Kijana, kuhusu mlango wa kuachwa wazi nimekwenda kuangalia tena. Unachotaka ni tarehe. Mwandishi kakupa kitu kingine, kakupa shajara yenye tarehe, sura za hospitali zinazokwenda mbele, na sura za nyumbani zisizo na kitu. Mara ya kwanza unaona ni mtindo tu. Lakini jiulize, sura za nyumbani Kathy anatajwa kwa kirefu, anapikiwa, anafuatwa hadi bustanini. Sura za hospitali Theo anarudi nyumbani kwa nani? Anatoka kazini, na habari ya nyumbani haigusi kabisa alichofanya siku ile kwa Alicia. Sijaona mahali anaposema, "Nikamweleza Kathy kuhusu mgonjwa wangu mpya." Mtu ana mke, ana mgonjwa maarufu aliyewahi kujaa magazetini, na hamtaji nyumbani? Ufa ndio huo. Mie pia sikuuona, lakini upo kwenye karatasi.

Mama Nesi, nimemsomea wifi maneno yako ya rejista na sahihi mbili. Kasema, "Unaona? Na mtaalamu kasema kitabu kina makosa." Yaani kachukua hilo moja tu, mengine yote kayaruka. Nimemwachia Gone Girl, ya mkopo kutoka kwa mteja wangu mmoja mwalimu wa sekondari, na nimemkataza kufungua katikati kabla ya kufika. Kijana wa Temeke, akikirudisha kwa hasira na hicho, lawama ni zako.